TAHADHARI: Fundi wa "jiko kuukuu kuwa jipya" kanipiga mchana kweupe

Nimekaa na hii aibu siku tatu, leo naitoa. Lile jiko la kuchomea nyama mnalijua, la mzee, sina haja ya kueleza. Lilikuwa limeshikwa na kutu, nikampa fundi alisugue na kulipaka rangi.

Msinicheke kwanza. Mimi si mtu wa kupigwa kirahisi. Jamaa anaongea kama kasomea! Alipitisha kidole kwenye kutu, akanionyesha vumbi jekundu, akasema, "Hapa bosi ni brashi ya waya, halafu msasa mpaka chuma kiwe cheupe, ndipo rangi ya moto, inahimili digrii 650." Akatoa kopo la kupuliza, limeandikwa kabisa, akalitikisa karibu na sikio langu. Gololi ikalia kang'a kang'a kang'a. Nikaridhika. Leo ndiyo najiuliza, kopo lenye rangi linalia vile kama kengele? Lilikuwa tupu! Kopo la kuonyeshea wajinga! Nikalipa zote palepale, na asante juu.

Nilipolifuata liling'aa mpaka najiona sura. Lilinuka rangi ya mafuta, akasema bado mbichi, itaisha yenyewe.

Jumamosi wageni wamejaa, mimi natamba, "Guseni, guseni muone." Mkaa ukakolea. Ikaanza harufu ya plastiki inayoungua. Kisha ubavu ukatoa malengelenge kama ngozi iliyoungua, yakapasuka moja moja, magamba meusi yakapeperuka hadi kwenye nyama. Mama mkwe kashika sahani anasubiri. Mara puu! Kipande cha ukubwa wa kiganja kikadondoka, makaa mekundu yakakifuata, hatua moja tu kutoka miguuni mwa mtoto. Kilipopoa nikakiokota. Puti! Puti ya kuzibia mabodi ya magari! Tundu kaliziba na puti, kapaka rangi juu, na kutu iko palepale chini yake, haijaguswa na msasa.

Nyama tumetupa yote. Nikimpigia hapatikani, kanifungia. Huyu akamatwe, na kabla ya kufungwa alishwe ile nyama, na magamba yake, mbele ya wateja wote aliowalia hela. Faini haitoshi. Anyang'anywe na vifaa. Mtoto angeungua angesema nini?

Mnaouliza ningejuaje: bebeni sumaku, puti haishiki. Gongeni pia, bati zima linalia, puti inagota tu. Rangi ya moto nyingi haing'ai vile. Na alipaka hadi ndani na kwenye wavu, mahali ambapo hapapakwi kitu, nikaona ni ukarimu! Kuna nyingine nimezisahau, hasira hazijaisha.

Shemeji uliyerekodi video, ifute. Nimeshaiona kwenye magrupu mawili.