TAHADHARI: "Mchapishaji" wa Arusha anayekula pesa za waandishi wapya

Wakuu, naandika nikiwa nimepoa kidogo. Wiki ile ya kwanza ningeandika matusi matupu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi. Riwaya yangu ya kwanza nimeiandika miaka minne, usiku, watoto wakishalala. Niliituma kwa wachapishaji watatu wa Dar. Mmoja akajibu kwamba kwa sasa wanashughulika na vitabu vya kiada tu. Wawili kimya hadi leo. Ndipo nikakutana na tangazo Facebook: tunapokea miswada ya waandishi chipukizi, ofisi Arusha mjini. Nikapanda Coaster.

Ofisi yenyewe chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vipuri, rafu imejaa vitabu (sikuangalia ni vya nani, nyie angalieni). Kijana nadhifu, kila akifungua mdomo ni "Mwalimu". Ada ya kusoma mswada 50,000. Siku mbili tu, simu ikaita: "Mwalimu, sura ya mwisho imeniliza! Hiki ni kitabu cha shule kabisa, tutakiombea ithibati kitumike shuleni."

Sura yangu ya mwisho ni beberu anakata kamba harusini na kutoroka na shela la bibi harusi kwenye pembe zake. Hakuna cha kumliza mtu pale. Nilijua hajasoma, na bado nikajiambia labda amelia kwa kucheka. Ukikaa miaka minne hakuna anayekusifia, hata sifa ya uongo unaimeza.

Baada ya hapo ni kutoa tu. Uhariri 380,000. ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) 150,000. Malipo ya awali ya nakala 200, shilingi 900,000. Jumla 1,480,000, na nyingi ni mkopo wa kikoba ambao narejesha mpaka sasa. Zote nilituma kwenye namba ya simu yenye jina la mtu binafsi. Risiti ni zile za kuandika kwa mkono zilizogongwa muhuri, hazina TIN (namba ya mlipakodi), risiti ya mashine ya EFD ndiyo usiseme.

Kilichomuumbua ni jalada la mfano alilonitumia WhatsApp. Nilimwonyesha rafiki yangu anayeuza vitabu, akaangalia upande wa nyuma, akacheka. ISBN yake ilianza na 978-9966. "Hii ya Kenya, mama." Za kwetu nyingi utazikuta zinaanza na 978-9976 au 978-9987, na wanaozitoa ni Bodi ya Huduma za Maktaba. Tukaitafuta kwenye simu: namba ni ya kitabu cha hisabati!

Nikarudi kuusoma mkataba, safari hii kwa miwani. Nimewapa haki zote, filamu na tafsiri zikiwemo, "daima". Neno mrabaha (fungu la mwandishi kwenye mauzo) halimo hata mara moja.

Hapa ndipo naomba tuelewane. Mchapaji na mchapishaji ni watu wawili. Mchapaji unamlipa, anakupigia nakala zako, kitabu kinabaki chako, hana kosa lolote. Mchapishaji ndiye anayegharamia uhariri, jalada na uchapaji, halafu anakulipa wewe mrabaha kwa kila nakala inayouzwa. Huyu wangu alipokea pesa kama mchapaji na kuchukua haki kama mchapishaji. Silabi moja hiyo imenila milioni na nusu kasoro.

Akikuahidi ithibati, kumbuka si yeye anayeitoa, kitabu lazima kipitie Taasisi ya Elimu. Jina la kampuni liulizie BRELA (wanaosajili kampuni) kabla hujatuma hata senti. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, lakini sajili COSOTA (ofisi ya hakimiliki) kwanza ili siku ya ubishi uwe na karatasi mkononi. Mimi nimesajili baadaye, kichwa chini.

Jina sitaji, maana faili la kesi liko polisi na RB (namba ya taarifa polisi) ninayo, na pia nasikia ofisi imeshafungwa na kijana ameibukia kwingine kwa jina jipya. Kama na wewe una mkataba wenye hilo neno "daima" kifungu cha saba, njoo inbox tuunganishe malalamiko.

Mswada bado anao. Ukikuta popote inauzwa riwaya inayoishia na beberu mwenye shela, piga picha jalada unitumie.