TAHADHARI: Injini ya Canter ikigonga, msikubali kuuziwa nyingine haraka haraka

Wakuu, kuna mchezo unachezwa hapa Dar na walengwa ni sisi wenye magari ya kazi yaliyochoka: Canter, Fuso, Hilux za dizeli, gari lolote ambalo mita yake ya kilomita iliacha kusema kweli siku nyingi. Gari linaanza kugonga, unalipeleka gereji, fundi anasikiliza nusu dakika anatikisa kichwa: "Bosi, hiyo konrodi. Ukiendelea kutembea itatoboa bloku." Konrodi ni ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki, mhimili unaozunguka ndani ya injini. Halafu, kwa bahati ya ajabu kabisa, fundi anamjua mtu mwenye injini.

Fundi na muuza injini ni timu moja. Wanakula mara mbili: wanakuuzia injini usiyoihitaji, kisha wanabaki na ya kwako "kama skrepa", wanaitengeneza kwa pesa ndogo na kumuuzia anayefuata.

Kilichonifanya niandike ni kisa cha shemeji yangu. Anabeba mchanga na kokoto kwa Canter ya injini ya 4D33, zile lita 4.2 za pampu ya zamani zisizo na kompyuta. Ilianza kugonga ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, na ukikanyaga mafuta inagonga zaidi. Gereji moja upande wa Buguruni wakamwambia injini imekwisha, wakamtajia milioni sita kwa injini "ya Japani, haijafunguliwa", na wakataka advansi ya laki tano siku hiyohiyo maana eti kuna mtu wa Morogoro anaifuata jioni. Ushahidi wao ulikuwa kifuniko cha ndoo chenye oili nyeusi na unga unaometameta. "Shika mwenyewe, bosi. Beringi zako hizo."

Akalipa advansi, ndipo akanipigia. Nikaenda na mzee mmoja wa siku nyingi kwenye dizeli, mtu asiye na maneno mengi. Mzee hakugusa injini kwanza. Alitoa sumaku ya spika ya redio mfukoni, akaipitisha juu ya kile kifuniko, na ule unga wote ukairukia. Akauliza, "Vijana, grainda yenu iko wapi?"

Sikilizeni hapa, maana hii ndiyo hila yenyewe. Uso wa beringi za konrodi hutengenezwa kwa madini laini kama risasi, shaba na alumini, na hayo sumaku haiyavuti. Beringi zikiliwa, oili huonyesha vimemeta vya rangi ya fedha au ya shaba vinavyobaki palepale. Ni kweli krenki ikishaanza kukwaruzwa nayo hutoa chuma, kwa hiyo sumaku peke yake haimalizi kesi. Lakini unga mtupu wa chuma, bila hata chembe ya madini laini, si ushahidi wa beringi; unafanana zaidi na ule wa benchi la kuchomelea, chuma kinaposagwa kwa grainda. Na mzee alionyesha jambo jingine dogo: nati ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa bado imegandiwa na tope kavu la zamani. Hakuna aliyeifungua. Sasa hiyo oili ya kwenye kifuniko waliipata wapi?

Baada ya hapo akaomba spana ya 17. Injini ikiwa inaunguruma, alilegeza nati ya bomba la dizeli kwenye nozeli moja (kile kinachopuliza dizeli ndani ya silinda), akasikiliza, akakaza, akahamia nyingine. Nozeli ya tatu ilipolegezwa, mlio ulikatika kabisa, injini ikabaki inatetemeka kwa silinda tatu. Ikiwa ni konrodi, mlio kwa kawaida hupungua au hubadilika, wakati mwingine unasikia kama unagonga mara mbili mbili, lakini ni nadra kupotea wote. Bado hakuridhika. Alizima, akachomoa nozeli ya tatu na ya kwanza, akabadilishana nafasi zake na kuweka ringi mpya za shaba chini yake. Tulipowasha, mlio ulikuwa umehamia silinda ya kwanza. Konrodi haiwezi kuhama.

Nozeli ilikuwa inadondosha mafuta badala ya kuyapuliza. Dizeli ikiingia kwa matone inachelewa kuwaka, halafu inawaka yote kwa mkupuo, na kishindo chake unaweza kuapa ni chuma kwa chuma. Fundi pampu aliiweka kwenye mashine, tukaona kwa macho. Kubadili ncha ya nozeli ni gharama ya kuudhi, haifanani hata kidogo na milioni sita.

Onyo kwa wenye pupa: jaribio hili ni la injini za pampu ya zamani tu. Magari mapya ya komonireli msiguse mabomba injini ikiwaka, presha yake inaweza kupita bar 1,000 na dizeli inapenya ngozi. Hata kwenye hizi za zamani, usiweke kiganja mbele ya bomba.

Kugonga kwa konrodi kweli kupo, sikatai, na gari lenye kilomita nyingi linaweza kabisa kufika huko. Huo ni mlio mzito unaotoka chini usawa wa sampo, na huzidi injini ikipata moto kwa sababu oili imekuwa nyepesi. Mlio unaosikika asubuhi na kupungua gari likichemka mara nyingi ni pistoni iliyolegea kwenye silinda. Unaweza kutembea nao muda mrefu. Ule wa juu, mwepesi, wa tik tik tik, mara nyingi ni tapeti, zile zinazosukuma vali. Ukikanyaga klachi na mlio ukabadilika, angalieni huko nyuma kabla ya kulaumu injini. Na jamani, toeni mkanda wa feni muwashe kidogo bila huo mkanda. Kuna watu wameshusha injini kwa sababu ya puli ya altaneta.

Kinachomaliza ubishi ni geji ya presha ya oili. Si taa ya dashibodi, namaanisha geji halisi inayofungwa pale ilipo swichi ya oili, injini ikiwa moto. Kanuni ya mafundi wengi ni isipungue kiasi cha psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Kisha filta ikatwe mbele yako, karatasi ikunjuliwe juani mtafute vimemeta. Fundi anayekataa vitu hivi viwili na bado anataka advansi, washa gari uondoke, au livute.

Upande wa kuuza injini, na hata kuuza gari zima, ujanja wao unajulikana. Wanachanganya oili ya gia nambari 140 kwenye injini iliyochoka ili igonge kimyakimya mbele ya mteja. Chomoa kijiti cha oili: ikining'inia kama asali wakati inatakiwa kuwa 15W-40, shukuru uondoke. Wanaiwasha kabla hujafika, kwa hiyo gusa manifoldi (bomba la moshi lililofungwa kwenye injini) kwanza, iwe ya baridi. Wanakata waya wa swichi ya oili ili taa isiwake kamwe. Ukifungua swichi bila kupiga stata, taa hiyo lazima iwake. Na ile "haijafunguliwa" angalia nati za sampo na za silinda hedi: rangi mpya ya fedha juu ya kona zilizoliwa na spana, na silikoni mbichi inayochungulia pembeni, hiyo imefunguliwa na wala si Japani. Garantii yao ni ya kuwaka tu. Ikiwaka pale dukani, wamemaliza.

Mkishindwa kabisa na lazima mnunue, dai risiti ya EFD yenye namba ya injini. Namba hiyo ipo kwenye kadi ya gari, na ukibadili injini taarifa zinatakiwa kurekebishwa TRA. Asiyetaka kuandika namba ana sababu yake. Injini ya zamani ni mali yako: piga picha ya namba yake, ondoka nayo, au uiuze mwenyewe kwa bei unayoijua.

Shemeji alirudishiwa laki tatu tu baada ya kelele nyingi. Laki mbili wanasema ni "ya uchunguzi". Amepeleka malalamiko polisi na kifuniko kile tumekitunza. Jina la gereji silitaji hapa maana shauri liko polisi, ila kama uko Buguruni na kijana mcheshi anakuonyesha unga unaometameta akikutajia mtu wa Morogoro, mwombe sumaku.