Sanduku la Maoni au Kikao cha Asubuhi?

Ghala tunamofanyia kazi hapa Jinja, Uganda, limejaribu njia zote mbili za kupokea mawazo ya wafanyakazi, na mimi nimeshachagua upande.

Sanduku ni la zamani. Kampuni ya Kodak ya Marekani ilianzisha mpango wa mapendekezo mwaka 1898. Pendekezo la kwanza kulipwa, dola 2, lilikuwa la kuosha madirisha ili mwanga uingie. Uzuri wa sanduku ni siri: kibarua anaweza kuandika kwamba msimamizi anawakata posho, bila kutaja jina lake mwenyewe. Hilo kikaoni halisemeki. Lakini sanduku letu lilikuwa na ufunguo mmoja tu, na aliyeushika ni msimamizi huyohuyo. Karatasi zilijaa hadi zikachungulia kwenye tundu.

Kikao ni dakika 10 kabla ya zamu, watu wamesimama. Hapo ndipo mama mmoja mpakizi, asiyejua kuandika, alipoeleza kwamba magunia ya mahindi yanaloa kwa kugusa ukuta. Akapima kwa mkono wake: tuyapange juu ya mbao, shubiri mbili kutoka ukutani. Wenzake wakawafasiria kwa Kisoga walioachwa nyuma na Kiswahili. Kufikia mchana tulikuwa tumeyahamisha yote. Wazo kama lile lisingeingia kwenye sanduku kamwe.

Kwangu, kikao kiwe cha kila siku. Sanduku libaki kwa malalamiko, na ufunguo ukae kwa mwakilishi aliyechaguliwa na wafanyakazi wenyewe.