Tahadhari: "upanga wa Majapahit" unaouzwa mtandaoni

Wadau mnaokusanya silaha za kale, hasa mlioko huku Uholanzi ambako vitu vya Java, kisiwa cha Indonesia, havikosekani kwenye mitumba: kuna muuzaji wa mtandaoni kanipiga euro 340. Jina simtaji, ila mtamjua kwa maneno yake. Kila chuma kwake ni "upanga wa Majapahit", dola ya Java iliyoanza 1293 na kusambaratika mwanzoni mwa karne ya 16.

Alinitumia picha ya kitu chenye mawimbi, akakiita pedang. Hapo ndipo ningeshtuka. Pedang kwa Wajava ni upanga, na huitwa kwa umbo na kazi yake: pedang sabet ni wa kufyekea, suduk maru umenyooka na umenolewa pande zote mbili kuelekea nchani, ili uchome pia. Keris ni jambia la kuchomea, kitako chake kimepanuka upande mmoja kuliko mwingine. Mawimbi, yaani luk, ni mambo ya keris hasa, na huhesabiwa kwa witiri. Mzigo ulipofika nikahesabu mara tatu: 10. Kumuuliza, eti "huu ni wa kipekee". Kha!

Nikachunguza pamor, yale marembo meupe ya kwenye ubapa. Pamor ya kweli hutokana na matabaka ya chuma na nikeli yaliyofuliwa pamoja. Hupakwa aseniki na maji ya ndimu, chuma kikawa cheusi na nikeli ikabaki inang'aa. (Aseniki ni sumu, msishikeshike ubapa ovyo.) Nikasugua sehemu ya upana wa kucha kwa msasa laini, nikapaka ndimu, nikaacha usiku kucha. Hakikurudi kitu. Marembo yalichorwa kwa asidi. Hata ganja, kile kipande cha chini ya ubapa ambacho kwenye keris nyingi huwa kimefuliwa peke yake, kwangu ilikuwa mstari uliokwaruzwa tu.

Keris mpya mimi sina neno nazo. Sumenep, kisiwani Madura, wahunzi wapo wengi na kazi zao nzuri. Ila mpya iuzwe kwa bei ya mpya.

Kabla hamjalipa, ombeni picha ya ubapa uliotolewa mpini, na ya ganja kwa karibu. Mimi nilimwomba hizo kwa keris nyingine aliyoiweka juzi. Kanifungia.