Treni ya L baada ya Sandy: nyota nne, ya tano nimeinyima makusudi

Wenzangu huandika maoni yao kuhusu saluni na mashine za kusagia juisi. Mimi nataka kuandika kuhusu ukarabati wa handaki, maana ndiyo huduma niliyoitumia kuliko zote tangu nifike New York mwaka 2011. Nakaa Bushwick, upande wa Brooklyn. Namtunza bibi mmoja jirani na bustani ya Tompkins Square, upande wa Manhattan, zamu ya usiku. Kati ya kitanda changu na chake kuna mto East River, na chini ya huo mto kuna handaki la Canarsie, njia mbili za treni zilizofunguliwa mwaka 1924, ambamo hupita treni yetu ya L.

Usiku wa Oktoba 29, 2012 kimbunga Sandy kiliipandisha bahari pale Battery, ncha ya kusini ya Manhattan, hadi mita nne na ushee juu ya kiwango cha maji kupwa. Mahandaki tisa ya treni yanayopita chini ya mito yaliingia maji. La kwetu lilimeza lita zipatazo milioni 26, na L haikuvuka tena hadi Novemba 8. Siku hizo nilivuka daraja la Williamsburg kwa miguu. Nyuma yangu Brooklyn inawaka taa, mbele Manhattan giza totoro. Bibi nilimkuta jikoni, mshumaa kausimamisha ndani ya kikombe cha chai, na neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza kama nimeleta mkate.

Maji yalitolewa kwa pampu. Chumvi ikabaki.

Hapa lazima nimtaje marehemu baba. Alikuwa mtu wa gengi la reli kwetu Tanzania, pale Kidete, kati ya Kilosa na Gulwe, na tangu utoto nimejua mafuriko yanavyoifanya reli. Mto ukila tuta, unaliona pengo: chuma na mataruma vinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Mvua za mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 zilikata njia ile vibaya, lakini kila mtu aliona ilipokatika, na gengi lilijua pa kumwaga kokoto. Handaki la L liliugua ndani kwa ndani. Treni zilirudi, abiria tukashukuru, kumbe chumvi inatafuna zege la kingo za pembeni, na humo ndimo zilimofukiwa nyaya za umeme. Kwa hiyo nilipoambiwa miaka kadhaa baadaye kwamba litafungwa, sikushangaa kama majirani zangu.

Hela zilitoka wapi? Nauli yangu, iliyokuwa dola 2.75 wakati wa ukarabati, isingetosha hata kununua sabuni ya kuoshea zile kuta. Januari 2013 Bunge la Marekani lilitenga dola bilioni 10.9 kwa ajili ya usafiri wa umma ulioharibiwa na Sandy, ingawa baadaye zilipunguzwa kidogo. Na usidhani fedha hizo zinamwagwa kama mchango wa harusi. Mradi unaidhinishwa kwanza, shirika linafanya kazi, linapeleka hati za matumizi, ndipo linarudishiwa. Kampuni za bima nazo ziliogopa, bei zikapaa. Basi Julai 2013 MTA, shirika linaloendesha treni hizi, likajipatia kinga ya dola milioni 200 kwa hati fungani ya maafa. Wawekezaji wanaweka fedha na kulipwa riba. Bahari ikipanda kupita alama iliyokubaliwa kwenye vipimo vya maji, fedha zao zinakwenda kwenye treni. Hakuna wa kuja kukagua hasara na kubishana nawe, kipimo kikishasoma kimesoma. Hiyo imenipendeza. Laiti ingekuwepo ya tuta la Kidete.

Mpango wa kwanza wa L ulikuwa kufunga handaki lote miezi 15 na kubomoa zile kingo. Watu wapatao 225,000 walikuwa wakivuka humo kwa siku, na mtaani kwetu ilikuwa kama habari ya msiba. Mwenye nyumba wangu alinipunguzia kodi nisihame. Desemba 2018 Andrew Cuomo, gavana wa jimbo la New York wakati huo, akashuka handakini usiku na wahandisi wa vyuo vikuu vya Columbia na Cornell. Mwezi uliofuata ikatangazwa kwamba kingo mbovu zitaimarishwa zilipo, nyaya mpya zitaning'inizwa ukutani, na kazi itafanyika usiku na wikendi tu. Wiki hiyohiyo mwenye nyumba akanipigia simu. Punguzo limekwisha, dada.

Kuanzia Aprili 2019, ikifika saa nne usiku, treni za kuvuka mto zilikuwa moja kila dakika ishirini. Ratiba ilitangazwa mapema, sikudanganywa. Ila tazama nani yuko jukwaani saa hizo: wapishi, walinzi, wafagizi, sisi watunza wazee. Wakala aliyeniajiri alikuwa anakata robo saa ya mshahara ukichelewa dakika tano, kwa hiyo ilinibidi kutoka nyumbani mapema kuliko zamani na kwenda kumkuta bibi bado anakula. Kijana mmoja wa Mombasa niliyezoea kukutana naye stesheni ya Myrtle–Wyckoff, mwosha vyombo, alikuwa akisema, "Mama, watu wa mchana wamepona kwa usingizi wetu." Nyota ya tano imeishia hapo.

Kazi yenyewe siwezi kuikosoa. Ilimalizika Aprili 2020, na serikali ya jimbo ilisema imeokoa miezi mitatu na dola milioni 100. Bahati mbaya ilimalizika wakati wa korona, handaki limepona na mabehewa hayana watu. Nilivuka mwezi ule nikiwa na barakoa, peke yangu na mwanamume aliyelala. Mwendo ulikuwa mtulivu, na umebaki hivyo. Ukilinganisha, stesheni mpya ya South Ferry, kwenye njia nyingine kule ncha ya Manhattan, ilifunguliwa 2009, Sandy ikaizamisha, abiria wakarudishwa kwenye ile kuukuu, na mpya haikufunguliwa tena hadi Juni 2017.

Kinga nayo ipo. Kwenye baadhi ya milango ya stesheni wameweka mapazia mazito ya kukunja ya kuzuia mafuriko. Novemba 2019 walilijaribu moja stesheni ya Broadway ya treni ya G, wakaacha ngazi zimejaa maji saa kadhaa. Mpita njia akapiga picha, akauliza kulikoni. MTA wakamjibu kwamba sasa wanahamia kwenye nyambizi. Nilicheka, ila nilienda kuangalia.

Ukitaka kuijaribu huduma hii, panda ukitokea Brooklyn na ukae behewa la nyuma, ushukie First Avenue upande wa Avenue A, kwenye lifti zilizojengwa na mradi huohuo. Mkishaondoka Bedford Avenue, bandika uso kioo cha pembeni, ziba mwanga kwa viganja. Nyaya utaziona zinakimbia ukutani juu ya vishikizo vyake, na chini yake kingo za zamani, zile zilizokula chumvi.