Siri ya mtoto: msomaji ajue mapema, au agundue pamoja na baba?

Tuseme hadithi iko Pangani, mji mdogo wa pwani ya Tanzania. Mwanamume amerudi baada ya miaka minane, na mpenzi wake wa zamani ana mtoto wa miaka saba. Mwandishi afanyeje?

Akimwambia msomaji siri tangu mwanzo, hata kuvuka mto kwenda Bweni kunaweka roho juu. Baba na mwana wamesimama kwenye kivuko, hatua tatu tu kati yao, mama anamvuta mtoto nyuma ya kanga yake. Hakuna kinachotokea, na bado hutaki kufunga kitabu. Isitoshe, tunasikia kilichomfanya mama anyamaze, kwa hiyo hatukimbilii kumhukumu.

Tukigundua pamoja na baba, mshtuko ni mkubwa, lakini ni wa mara moja. Na mji mdogo hausaidii hata kidogo. Mtoto amefanana na babu yake kama shilingi kwa ya pili. Muuza kahawa wa barazani asione? Mwandishi inabidi awapofushe watu wote wa mji.

Faida moja ya njia hii ya pili inabaki: shaka. Sheria ya Mtoto ya 2009 ya Tanzania inaruhusu mahakama kuamuru kipimo cha vinasaba, na kusubiri majibu kunaweza kujaza sura nzima. (Mapenzi ya maabara hayanivutii sana.)

Mimi nachagua njia ya kwanza, ila mtoto asijue. Yeye aulize tu: “Mama, mbona yule mjomba ananitazama hivyo?”