Mlima Meru kwa njia ya Momella: tathmini ya njia na mabanda yake

Mkazi wa Jiji la Arusha huuona Mlima Meru kila anapotoka nje ya nyumba yake siku isiyo na mawingu, kwa kuwa miteremko yake ya kusini inaishia kwenye migomba na kahawa za pembezoni mwa jiji, lakini wakazi wengi hawajawahi kufika hata kwenye banda la kwanza la kulala wapandaji. Wageni nao, walio wengi, huupanda ili kuuzoesha mwili hewa nyembamba kabla ya kwenda Kilimanjaro. Kwa sababu hiyo mlima wenye kimo cha mita 4,562, wa pili kwa urefu nchini Tanzania, umebaki ukizungumziwa kama mazoezi ya mlima mwingine. Maoni yangu ni kwamba Meru unastahili safari yake wenyewe, na kwamba sehemu yake bora haiko kileleni bali katikati, baina ya lango na banda la pili, mahali ambapo watu hupita mbiombio wakiwazia kilele.

Njia inayoruhusiwa ni moja tu, nayo ni ya Momella, upande wa mashariki. Anayetoka mjini hufuata barabara ya Moshi hadi Usa River, akakata kushoto kuelekea Ngurdoto na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha kwa lango la Ngongongare, kisha akapita uwanda unaoitwa Serengeti Ndogo, ambako nyati na pundamilia hulisha karibu na barabara, kabla ya kufika lango la Momella lililo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500. Langoni hapo malipo huhakikiwa, mizigo hupangwa, na kila kundi hukabidhiwa askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Wapo wanaomchukulia askari huyu kama pambo la safari. Mimi nilibadilika pale alipoinua mkono bila kugeuka, sote tukasimama, na mbele yetu, kando ya kinyesi kibichi kilichokuwa bado kinafuka mvuke, nyati dume akatukazia macho kwa muda mrefu kabla ya kuamua kuondoka. Bunduki haikuelekezwa popote. Askari alitutaka tu tuache kunong'ona, tusubiri.

Kutoka Momella hadi banda la Miriakamba kuna njia mbili, na uchaguzi baina yake ndio uamuzi muhimu kuliko yote katika safari hii. Njia fupi hupita kwenye nyasi za upande wa kaskazini, ni ya wazi, ina twiga, na inakamilika kwa saa tatu au nne. Njia ndefu huzunguka kusini ndani ya msitu, nayo hupita chini ya mkuyu ambao mizizi yake imeshuka pande zote mbili za njia na kuacha uwazi unaotosha gari kupita. Inaendelea karibu na maporomoko ya Maio, inafungukia kwenye uwanda mdogo wa Itikoni, na hatimaye inakuleta mahali ambapo ukuta wa ndani wa mlima unaonekana wote kwa mara moja. Mbega huruka juu ya vichwa vya wapandaji, manyoya yao meupe yakining'inia kama shuka iliyoanikwa, na ukungu ukiwepo miti mikubwa huwa imefunikwa kuvumwani za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi kama ndevu. Waongozaji wengi hupendekeza njia fupi kwa kupanda na kwa kushuka, kwa kuwa inawarahisishia kazi. Nakushauri uombe njia ndefu kwa kupanda, tena uombe mapema, siku ya kulipia, kwa maana asubuhi ya safari wapagazi na mpishi huwa wameshapanga mambo yao.

Ukuta niliougusia ndio unaoutofautisha mlima huu na mingine yote ya ukanda wetu. Meru ni volkano ambayo upande wake wa mashariki uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, ukamwaga mawe na tope hadi kwenye uwanda ulioko baina yake na Kilimanjaro. Maziwa ya Momella yamejaa kwenye mabonde yaliyobaki katika kifusi hicho. Kilichosalia ni kreta, yaani shimo la volkano, iliyo wazi upande mmoja, yenye ukuta unaosimama takriban mita 1,500, na katikati yake kilima cha majivu kilichojengwa na milipuko ya baadaye. Mlipuko mdogo wa mwisho ulitokea mwaka 1910. Anayefika Miriakamba mapema ana nafasi ya kutembea na askari hadi kwenye sakafu ya kreta jioni, na matembezi hayo, ambayo waandaaji wengi hawayataji kwenye ratiba zao, kwangu yana thamani kuliko picha ya kileleni.

Banda la Miriakamba liko mita 2,514. Neno banda linalipunja kidogo, kwa sababu ni mkusanyiko wa mabweni ya mbao yenye vyumba vya vitanda vya ghorofa, pamoja na ukumbi wa kulia chakula. Magodoro yapo, lakini blanketi hakuna, kwa hiyo begi la kulalia ni lazima. Taa za umeme wa jua huwaka, ila si za kutegemea usiku kucha. Malalamiko yangu ni mawili. Kuta za mbao hupitisha sauti kiasi kwamba mkoromo wa chumba cha tatu unaujua mwanzo wake na mwisho wake. Na vyoo viko mbali na vitanda kwa namna ambayo, saa nane ya usiku, humfanya mtu ajiulize kama kweli ana haja. Hata hivyo, aliyewahi kulala kwenye hema lililoloa kwenye mojawapo ya njia za Kilimanjaro, ambako ni Marangu pekee yenye mabanda, atashukuru kwa paa na mlango unaofungwa.

Siku ya pili ni fupi kwa saa lakini nzito kwa magoti, kwa kuwa njia inapanda zaidi ya mita 1,000 kwa ngazi nyingi za magogo. Hupita Topela Mbogo, kisha Mgongo wa Tembo, ambapo inafaa kukaa chini na kula kitu huku ukitazama kreta. Banda la Saddle, kwenye mwinuko wa mita 3,570, lina ubora wa vyumba unaolingana na Miriakamba, lakini hali yake ni ngumu zaidi: baridi hupenya hata mchana, upepo hauna pa kuzuiwa, na wengi hupoteza hamu ya kula hapo. Kaa ukinywa maji na chai ya tangawizi, halafu panda Meru Ndogo, kilele cha mita 3,820 kilicho karibu, kabla ya jua kuzama. Kufanya hivyo huusaidia mwili kuzoea mwinuko, na mawingu yakiwa chini huonekana vizuri Kilimanjaro upande mmoja na kilele kinachokungoja upande mwingine.

Usiku wa kileleni ndio unaosifiwa kupita kiasi na kuonywa chini ya kiasi. Safari huanza baina ya saa sita na saa nane za usiku, hupita Rhino Point, hushuka kidogo, kisha hufuata ukingo wa kreta hadi Cobra Point kwenye mita 4,350. Sehemu fulani za ukingo huo ni nyembamba, na mahali pengine inabidi mkono ushike jiwe kabla mguu haujahama. Juu zaidi ni majivu na changarawe, na hatua moja hurudi nusu. Chupa ya maji iweke ndani ya koti, kwa kuwa mrija wa kunywea maji kutoka kwenye begi huganda. Jua likichomoza nyuma ya Kilimanjaro, mandhari ni ya kweli kama yanavyosimuliwa. Lakini anayepanda gizani hajui amepita juu ya nini hadi wakati wa kurudi, na hapo ndipo nimewaona watu wenye nguvu wakishuka kwa makalio. Anayeogopa kuteremka kwenye mwamba ulio wazi asijidanganye kwamba Meru ni rahisi kwa kuwa ni mfupi kuliko jirani yake. Rhino Point yenyewe inatosha kwa kutazama mapambazuko, na kurudi kutoka hapo si aibu.

Ratiba za siku tatu, zinazouzwa kwa bei nafuu, siziungi mkono. Zinamtaka mpandaji atoke kileleni hadi Momella siku hiyohiyo, yaani ashuke zaidi ya mita 3,000 baada ya usiku usio na usingizi, na kwa kawaida humnyima pia ile njia ndefu ya msituni. Siku nne zinaruhusu kulala tena Miriakamba na kushuka asubuhi kwa njia fupi, wakati twiga wako wazi. Mtanzania hulipa viingilio kwa shilingi, na ni vidogo sana vikilinganishwa na vya mgeni, kwa hiyo gharama kubwa iliyobaki kwake ni chakula, mwongozaji na wapagazi. Kundi la marafiki wanne au watano hugawana mzigo huo bila kuumia. Bakshishi za wapagazi ziafikiwe kabla ya kuondoka na zikabidhiwe mkononi kwa kila mmoja, si kwa mtu mmoja kwa niaba ya wenzake.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ngazi za magogo huwa utelezi mtupu na kreta haionekani. Juni hadi Oktoba hufaa zaidi, na Januari na Februari pia ni nzuri. Asiye na gari binafsi anaweza kupanda daladala hadi Usa River na kuunganisha na magari ya Ngarenanyuki yanayopita ndani ya hifadhi, ila aulize saa zake siku moja kabla, kwa sababu yakishaondoka asubuhi, kusubiri jingine kunaweza kumnyima njia ndefu.